Diski Inayolala Samunge

Karatu, 4 Machi 2024

Binti wa Ngoyai,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu masikio yangu hayaelewani tena na simu. Mtu akinipigia nasikia upepo tu, nami naitikia ndiyo, ndiyo, kumbe ameniuliza kama naumwa. Barua hii anayo Clemensi, kondakta wa basi la Wasso. Nimemwambia asiikunje.

Wiki iliyopita alikuja Nanyokie kutoka Endulen. Mama yake amefariki. Alitaka picha niliyompiga mama huyo kwenye harusi ya mwanawe, na mimi naikumbuka: ameshika kibuyu, anacheka, mkono mmoja umefunika pengo la jino. Nikachomeka diski. Ikagonga tik, tik, tik, kisha ikanyamaza. Cresensia aliyeko kaunta akajaribu kwenye kompyuta nyingine, ikawa vilevile. Nanyokie hakunilaumu. Alisema, "Basi, Baba, nitamkumbuka hivyohivyo," akafunga shuka yake akaenda kusubiri gari. Afadhali angenitukana.

Diski zilizobaki nimeziweka kwenye bati la biskuti. Humo kuna kila kitu tangu nilipofungua studio: harusi, tohara, ubatizo, picha za vitambulisho, na filamu za zamani ambazo mimi na Cresensia tulizihamishia kwenye kompyuta. Nusu ya wateja wangu siku hizi hawaji kupigwa picha. Wanakuja kutafuta watu wao. Diski hizo zikifa, studio imekufa.

Joseph, mwanangu, anasema kutoka Dar kwamba nipandishe kila kitu mtandaoni na nilipie kila mwezi. Nilijaribu harusi moja. Ilipanda kutwa nzima, na jioni umeme ukakatika. Muuzaji wa Arusha naye alinionyesha mtambo wenye kimo cha friji. Wewe ndiye unayetengeneza kompyuta za Wasso, na ulijifunzia kwenye mashine zangu ulipokaa kwetu wakati wa sekondari. Niambie ninunue nini.

Msalimie Pakiteng'. Vijana wanasahau, kwa hiyo naandika: mtu aliyekupa ng'ombe humwiti tena kwa jina, naye hakuiti kwa lako. Tangu baba yako anipe mtamba, mimi ni Pakiteng' kwake na yeye ni Pakiteng' kwangu. Jina lake ninaliandika hapo juu tu, ili barua isikupotee.

Koinet,
Studio, Karatu


Wasso, 17 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Clemensi hakuikunja, ila ilikuwa na harufu ya samaki. Nilimuuliza akasema ni barua yenyewe.

Usinunue friji. Nunua kisanduku kidogo cha nafasi mbili, kinachoitwa NAS. Kimo chake ni kama mkate wa sinia. Ndani unaweka diski mbili zilizo sawa, za tera nne nne, na uhakikishe ni zile zilizotengenezwa kwa kufanya kazi usiku na mchana. Muuzaji atataka kukupa za kompyuta ya kawaida, kataa. Unachoandika kwenye ya kwanza kinajiandika na kwenye ya pili. Moja ikifa, nyingine inaendelea, nawe unatoa iliyokufa tu na kuweka mpya, wala Cresensia kaunta hatajua.

Kiunganishe na ruta kwa waya, usitumie wayalesi. Nunua na UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, kwa sababu umeme wa Karatu naujua. Cresensia mpe nywila yake ya kufungua na kuongeza picha, lakini asiweze kufuta. Na usikifungulie mlango wa mtandao wa nje, hata kijana gani akushawishi kwamba utaona picha zako ukiwa Moshi. Huna safari ya Moshi.

Mafaili yapange kwa majina ya watu, itakuwa rahisi kutafuta.

Sasa sikiliza hili, ndilo wengi wanalokosea. Diski mbili ndani ya kisanduku kimoja hesabu kuwa ni moja. Mwizi akiingia atabeba zote. Moto hivyohivyo. Lazima nakala nyingine ikae kwenye nyumba nyingine, mbali, kwa mtu unayemwamini, na kila baada ya muda mnabadilishana: iliyozeeka inarudi, mpya inakwenda. Una nani, Baba?

Mzee wangu nilimsomea barua yako Samunge. Alicheka akakohoa. Akasema, "Pakiteng' anajenga zizi la picha. Muulize kama ameweka miiba."

Naisenya Ngoyai


Karatu, 5 Aprili 2024

Binti wa Ngoyai,

Mwambie miiba ninayo: nywila imeandikwa kwa Kimaa, na katika mtaa huu wote wa Wairaqw hakuna wa kuibahatisha. Cresensia amejaribu mara tatu kuitamka, akaomba apewe yake ya Kiswahili.

Nimenunua kisanduku. Nimekiweka kwenye chumba alichokuwa akishonea mke wangu, mama yako wa Karatu, mezani, mahali palipokuwa na cherehani. Hakuna vumbi kule. Tangu afariki sikuwa nikikifungua chumba hicho. Sasa naingia kila asubuhi kuangalia kama taa ni ya kijani. Kinavuma kidogo, silisikii hilo, lakini nikiweka kiganja juu yake nahisi. Ndani ya nyumba kuna kitu kinachopumua.

Jioni, tukifunga duka, nakizima na kukifunika blanketi.

Kuhusu majina, hapana. Jina la marehemu kwetu halitajwi, nawe unajua. Nusu ya watu waliomo humo wamekwenda. Unataka Cresensia awaite kwa sauti kaunta, mbele ya watoto wao? Nimepanga kwa mahali na mwaka: Olbalbal, mwaka ule maji yalipokauka, Nainokanoka, mwaka wa harusi nyingi. Mtu akija namuuliza, mlikuwa mkiishi wapi, na mvua ilikuwaje. Hapo tunapata, na hakuna aliyeumizwa.

Kuhusu nani wa kukaa na nakala nyingine, watu wapo wengi. Yupo jirani mwenye duka la mbegu. Yupo mzee wa kanisa. Nitachagua.

Nakohoa na mimi. Ni vumbi la barabara hii. Mwambie tunalingana.

Koinet


Samunge, 16 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Usikizime! Wala usikifunike blanketi, kitachemka kama maziwa. Hizo diski umezinunua ili zisilale. Ukichomoa waya ghafla kila jioni utaziua kwa mikono yako mwenyewe, kisha utaniandikia kwamba nimekushauri vibaya. Nilimsimulia mzee, naye akakutetea. Akasema, "Ng'ombe jioni hufungiwa, alitaka afanyeje?" Mmelingana kweli.

Mahali na mwaka ni sawa. Nilisahau. Nimekaa na kompyuta mno.

Jirani mwenye duka la mbegu ulimwandika na mwaka juzi kuwa ana funguo zako, kisha ukaandika kwamba amehamia Babati. Mzee wa kanisa hukumtaja jina. Baba, nakuuliza tena, una nani?

 Nilipomsomea hapo, mzee alisema niandike maneno haya kama alivyoyatamka: "Mtamba wake alikaa kwangu Olbalbal. Alete na hizo."

Kwa hiyo nunua diski mbili za kubebeka. Moja ijaze, uifunge kwa nywila, umpe Clemensi. Mimi nitaipokea Wasso na kuipandisha Samunge. Nyingine ibaki kwako uijaze kwa zamu ijayo. Barabara ni mbaya mwezi huu, basi lililala njiani, lakini linafika.

Mzee anakohoa zaidi nyakati za baridi. Anakula kidogo.

Naisenya Ngoyai


Karatu, 6 Mei 2024

Binti wa Ngoyai,

Nilikuandikia kwamba watu wapo wengi. Hawapo. Nilipoanza kuwahesabu nilifika kwa Cresensia nikasimama, naye kwake kuna watoto wadogo na paa linavuja.

Nilipokea maneno ya Pakiteng'.  Huenda hakukusimulia yote, yeye si mtu wa kusimulia, basi nikusimulie mimi.

Mimi nilizaliwa chini, ndani ya kreta. Tulipotolewa na serikali nilikuwa kijana, tukaswaga ng'ombe kupanda ukingo, na huku juu wengi hawakupaweza. Baridi, majani mengine, kisha ugonjwa. Baba yangu alikuwa na desturi ya wenye akili: hakuweka mifugo yake yote zizi moja. Nami nilimfuata, na mtamba mmoja niliyepewa na Pakiteng' nikamwachia palepale kwake, Olbalbal. Mwaka uliofuata ng'ombe wa kwetu wote walikufa. Akabaki yule. Alizaa kwa Pakiteng', na wanawe nao wakazaa. Siku niliyomwambia nataka kuacha kuchunga nikajifunze kupiga picha mjini, hakunicheka kama wengine. Alileta dume mmoja wa uzao ule mpaka mnadani, akimswaga peke yake kutoka bondeni. Kamera yangu ya kwanza ilitoka hapo. Studio hii yote ilitoka hapo.

Kwa hiyo si kitu kigeni unachonifundisha. Ni kile kile, ila hizi hazinywi maji.

Diski imejaa. Anayo Clemensi, imefungwa kwenye kanga ya mama yako wa Karatu. Tafadhali usiiweke kabatini wewe. Mpe Pakiteng' mkononi, kisha umwambie anijibu neno moja, lolote. Miaka mingapi hatujaonana! Mimi magoti, yeye kifua, na katikati barabara ile.

Koinet


Wasso, 30 Mei 2024

Shikamoo Baba,

Diski ilifika salama. Ilipokelewa kwa mikono miwili, kama ulivyotaka. Iko Samunge, ndani ya kasha la bati, juu ya rafu, mbali na jiko. Kabla haijawekwa niliifungua na kujaribu faili moja moja kutoka kila mahali. Zote zinafunguka. Nakala isiyojaribiwa si nakala.

Nina ombi. Katika diski ya zamu ijayo, weka picha ile ya Olbalbal, ya vijana wawili na mtamba katikati. Najua unayo. Ichape na kubwa moja, ya kuweka ukutani.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi.

Naisenya


Karatu, 10 Juni 2024

Binti wa Ngoyai,

Nimefurahi kwamba imefika. Huku nasi tumepata mtihani. Umeme ulirudi kwa kishindo, kile kisanduku kikawasha taa nyekundu, na Cresensia akapiga kelele ambayo hata mimi niliisikia. Diski moja ilikuwa imekufa. Nilifuata maelezo yako: nikaitoa hiyo tu, nikaweka mpya, nikakiacha. Ile nzima ilimnakilia mwenzake usiku na mchana mpaka taa ikarudi kijani. Hakuna hata picha moja iliyopotea. Wateja walihudumiwa siku zote hizo na hawakujua. Niliketi kwenye kiti cha cherehani nikasema ahsante, sijui kwa nani.

Picha uliyoomba nimeichapa. Mtamba ameangalia pembeni, sisi tumeangalia kamera kama watu wanaodaiwa. Ilipigwa na mpiga picha aliyepita na watalii. Ndipo nilipoona kamera kwa karibu mara ya kwanza.

Lakini nitasema. Niliomba neno moja. Barua yako haikuwa na salamu yake hata moja. Je, amechoka na mimi? Kama alikubali kupokea kwa kunihurumia, aseme. Mzee mwenye magoti mabovu anaweza kuvumilia kuambiwa hapana. Kunyamaziwa ndiko kunakomshinda. Zamani alikuwa akinyamaza hivi akikasirika. Muulize nimemkosea nini.

Diski ya zamu hii na picha atakuja kuzichukua Clemensi keshokutwa. Barua hii nitampa nayo.

Koinet


Karatu, 12 Juni 2024

Naisenya,

Sikumpa Clemensi barua ya juzi. Nakuandikia nyingine, yeye akiwa anakunywa chai kaunta na dereva anapiga honi.

Alipokuwa akifunga mzigo alisema kwa sauti kubwa, jinsi anavyoniongelesha, "Mzee, yule binti yako wa Wasso siku hizi ni mwanafunzi! Kanyoa upara, hana hata hereni. Nilimtania kengele ya shule imelia, akanitazama tu." Cresensia alicheka. Clemensi ni mtu wa Rombo, hawezi kujua kwamba kwetu huo ni msiba.

Mimi nilikaa chini.

Nikaichukua barua yako ya Mei. Ukisaini huwa unaandika majina mawili. Pale uliandika moja. Nilidhani ni haraka ya basi. Na kote ndani hukumtaja, si kwa jina wala kwa "mzee wangu". Mimi ndiye niliyekukumbusha kwamba jina la aliyekwenda halitajwi, kisha ukaniandikia hivyohivyo na sikujua kusoma.

Hapo juu sikuandika binti wa nani. Sitaandika tena.

Nilimnung'unikia, Naisenya. Nilimwandikia kwamba amenikasirikia. Barua hiyo nimeitia jikoni.

Diski na picha ninazituma. Picha ni yako, itundike wakati wake ukifika. Diski, kama hakuna wa kukaa nayo, irudishe tu. Sitauliza.

K.


Samunge, 29 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Nisamehe. Sikukuficha kwa kupenda.

Diski ilipofika alikuwa amelala, hawezi kutoka nje. Nikamwambia, mali ya Pakiteng' imefika. Aliomba kuinuliwa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akaniuliza wako wangapi humo ndani. Nikamwambia ni maelfu. Akasema, "Wepesi hivi?" Siku chache baadaye akatutoka, asubuhi, ng'ombe wakitoka.

Yeye ndiye aliyesema nisikuandikie mpaka zamu ya pili ifike. Alisema, "Alipofiwa na mkewe alifunga duka, watu wakagonga mlango mpaka wakaacha. Akisikia sasa atafunga tena, na atamwambia kila mtu ni magoti. Mwache kwanza azoee kuleta." Nilikubali. Nawe ulikuwa umeomba neno moja, kalamu ikanishinda. Neno nilikuwa nalo, lakini ningekuandikiaje bila kukwambia lilivyopatikana?

Hujaniuliza, lakini nakujibu. Wa kukaa nayo yupo. Kaka zangu wamegawana ng'ombe, na wale wa uzao wa mtamba wako walipotajwa, nilisema hao wana mwenyewe Karatu, na mimi ndiye mlinzi wao. Mjomba aliuliza tangu lini mwanamke anashika urafiki wa ng'ombe. Nikamwambia tangu ng'ombe walipoanza kukaa kwenye diski, na nywila ninayo mimi. Walicheka, wakaniachia.

Narudisha diski ya kwanza kwa Clemensi. Hairudi tupu. Kuna folda moja nimeongeza, "Samunge, mwaka wa mvua nyingi". Ni video niliyopiga kwa simu siku ile alipoipokea. Lile neno uliloomba limo. Usiifungue peke yako, muite Cresensia akae nawe.

Na duka usifunge.

Naisenya


Karatu, 8 Julai 2024

Pakiteng',

Usishtuke, ni wewe ninayekuita. Umeshika ng'ombe wangu, umenirudishia na ndama. Tangu ile barua yako ya Mei nimeishi bila mtu wa kumwita hivyo, na nyumba hii ilikuwa kimya kuliko ukiziwi wangu.

Nilifanya ulivyosema. Tuliifungua mchana, duka likiwa wazi, Cresensia kando yangu kwenye kile chumba. Aliongeza sauti mpaka mwisho. Nilijua kwa sababu mteja alichungulia mlangoni. Mimi sikusikia kitu. Nikamwomba aniambie yanasemwa nini. Alitega sikio kwa bidii, maskini, kisha akasema, "Baba, ni Kimaa. Mimi sijui."

Tukarudia bila sauti. Amekonda, lakini ni yeye. Ameipakata diski na kanga yake, anaitazama. Kisha anainua macho, moja kwa moja kwenye simu yako, na midomo inafunguka. Yaliyofuata sikuyapata, nawe usiniandikie. Lakini lile la kwanza nililiona midomoni, kwa kuwa nimeitwa hivyo tangu ujana wangu na hakuna mwingine aliyelitamka kwa kuvuta mdomo upande ule.

Nilimwitikia. Cresensia alitoka akaenda kuhudumia mteja.

Folda yako sasa iko kwenye kisanduku, mara mbili, na kwenye diski ya zamu ijayo. Clemensi anapita Alhamisi. Leo asubuhi Nanyokie alikuja tena. Tumempata mama yake katika picha ya mtu mwingine, Endulen, nyuma ya bwana harusi, ameshika kibuyu. Amefunika pengo la jino.

Pakiteng' wako,
Karatu